Wamelala Chini ya Mparachichi

Mara ya kwanza nilipoingia uani kwa Bibi ilikuwa mwezi wa saba. Iringa ilikuwa imekauka, upepo unachoma masikio, na watu wote barabarani wamevaa makoti. Nikawa naelekea mlango wa jikoni, nikakata kona chini ya mparachichi, naye akanizuia kwa sauti ambayo hajaitumia tena kwangu tangu siku ile.

"Mjukuu wangu, usikanyage hapo. Pana watu wamelala."

Nikatazama chini. Palikuwa na udongo mweusi uliofunikwa majani makavu, mawe madogo yamepangwa duara duara, na vijiti vya mwanzi vimechomekwa kandokando. Jani bichi halikuwepo hata moja. Nikaomba radhi, nikazunguka, nikaenda zangu jikoni nikiamini kwamba hapo pamezikwa kitu ambacho si adabu kukiuliza.

Mwezi wa kumi na moja, siku chache baada ya mvua ya kwanza ya maana, nikawaona hao waliolala. Kila duara lilikuwa limetoa mpira mwekundu, mkubwa kama kichwa cha mtoto, umesimama juu ya bua moja nene lenye madoa ya zambarau chini. Mingine haikuwa na jani lolote la kuisindikiza. Ilikuwa tisa. Chini ya mti ule ambao miezi minne nyuma ulikuwa na mawe na majani makavu, palikuwa pamewaka.

Bibi huliita ua la mvua, nami nitaliita hivyo hivyo, kwa sababu kila mtaa una jina lake. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Ni mmea wa kwetu kabisa: huota wenyewe kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari hadi Yemen. Huku nyanda za juu utaukuta kwenye miombo, kwenye vichuguu, chini ya vichaka ambavyo moto wa kiangazi umepita. Uholanzi wanauza vitunguu vyake vikavu kwa watu wa Ulaya, ambao huvipanda kwenye vyungu na kuviingiza ndani ya nyumba baridi ikija. Hapa Iringa mjini nimeona vikitupwa na kifusi cha msingi wa nyumba. Hivyo ndivyo Bibi alivyopata vyake vya kwanza: jirani alikuwa anachimba msingi, vibarua wanatupa vitunguu pamoja na mizizi na mawe, naye akatoka na beseni akaviokota kimoja kimoja. Hakuvichimba porini, na anayemwomba amletee vya porini humjibu kwamba vya porini vina mwenyewe.

Nasema vitunguu kwa sababu ndivyo vilivyo, na udugu huo ni wa kweli. Wanasayansi siku hizi wanauweka mmea huu katika familia moja na kitunguu maji na kitunguu saumu. Lakini udugu unaishia hapo. Ua la mvua lina sumu. Ndani yake mna alkaloidi, mojawapo ikiitwa likorini, inayomtapisha mtu vibaya, na sehemu mbalimbali za Afrika watu waliitumia sumu hiyo kwenye mishale na kuulia samaki. Ndiyo maana Bibi hagusi kitunguu kilichochubuka bila kuvaa mfuko wa plastiki mkononi, hakiweki kamwe kwenye kapu lililowahi kubeba mboga, na wajukuu wote wa nyumba ile wanajua kwamba kisichonuka kitunguu hakiendi jikoni. Mbuzi wa jirani nao wamewekewa uzio wa miiba.

Jina la kitaalamu lina safari yake. Thomas Martyn aliueleza mmea huu mwaka 1795 akiuweka kwenye kundi la Haemanthus, yaani maua ya damu, na huko ukakaa muda mrefu. Kundi la Scadoxus lilibuniwa na Rafinesque mwaka 1838, lakini ilikuwa mpaka mwaka 1976 ndipo Friis na Nordal walipotenganisha makundi hayo mawili kwa hoja zilizokubalika. Moja ya hoja zao naipenda kwa sababu mkono unaweza kuihakiki: jani la Scadoxus lina uti wa kati, jani la Haemanthus halina. Ukipitisha kidole gumba chini ya jani la ua la mvua, unausikia ule uti umetuna kama mshipa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nirudi uani kwa Bibi mwaka wa pili, na wa tatu, na huu.

Kila kitu kinaanzia kwenye udongo, na udongo wa kiwanja chake ni mwekundu, mzito, unaoshika maji kama sahani. Bibi huchanganya ndoo mbili za udongo huo na ndoo moja ya mchanga wa mtoni na ndoo moja ya mboji ya majani yaliyooza mpaka yamekuwa meusi na hayana harufu. Samadi mbichi haruhusu ikaribie. Akishachanganya, hunyunyizia maji kidogo, hukamata konzi moja, huibana, kisha hufungua kiganja na kulichoma lile donge kwa kidole. Likipasuka likamwagika, udongo uko tayari. Likibaki na tundu la kidole, anaongeza mchanga. Nimemwona akirudia mara tano kwa ajili ya shimo moja, bila haraka wala kunung'unika, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa wageni.

Halafu kuna shingo. Kitunguu cha ua la mvua hakikuviringana kama cha jikoni. Kimerefuka kidogo, na juu kina shingo inayotokea majani. Shingo hiyo inatakiwa iwe sawa na uso wa ardhi, au ichungulie kidogo. Ukiizika sana maji yanatuama juu yake, ukiiacha juu sana kitunguu kinayumba na mizizi haishiki. Mizizi yenyewe ni minene, myeupe, kama kamba za viatu, na inavunjika kwa urahisi wa kuhuzunisha. Bibi hujenga kichuguu kidogo cha udongo ndani ya shimo, hukikalisha kitunguu juu yake, kisha huitandaza mizizi pande zote kama mtu anayemtandazia mtoto sketi kabla ya kupigwa picha. Hujaza udongo kwa mikono. Hakanyagi, hashindilii kwa jembe. Hugonga kandokando kwa ngumi mara mbili tatu, basi. Kisha huweka mawe ya duara na kuchomeka kijiti cha mwanzi.

Na baada ya hapo havigusi. Watu wengi wapendao bustani hushindwa hapa, kwa sababu mkono unawasha. Vitunguu hivi vinapenda kubanana, vinachukia kuhamishwa, na kilichohamishwa mara nyingi hununa mwaka mzima bila kutoa ua. Bibi hutenganisha vitoto na mama baada ya miaka mitano au sita, kabla tu ya mvua, kwa kisu alichokipitisha kwenye moto, na kila kidonda hukipaka majivu makavu ya jikoni kabla hakijarudi udongoni.

Alinipa vitatu. Nilivipanda kwangu kwa kufuata kila alichonionyesha, udongo, shingo, mizizi, mawe, na mwaka wa kwanza vyote vitatu vilitoa majani mazuri. Kosa langu lilikuja kiangazi. Iringa mvua ni msimu mmoja: huanza mwezi wa kumi na moja na kukoma mwezi wa nne au wa tano. Majani ya ua la mvua hugeuka njano mvua inapoisha, hulala chini, hukauka, na kuanzia hapo kitunguu hakitaki maji mpaka mvua irudi. Hilo niliambiwa. Lakini nilikuwa na mawaridi pembeni, na mwezi wa nane, jua kali na baridi ya usiku, nikawa nayamwagilia kwa mpira kila jioni. Sikuona sababu ya kuogopa, kwa kuwa sikuona kitu. Pale palikuwa na mawe tu.

Siku niliyochimba, harufu ilinifikia kabla ya kitunguu. Viwili vilikuwa karibu vimekuwa uji. Nikavibeba vyote vitatu ndani ya gazeti mpaka kwa Bibi, moyo ukiwa mzito, maana nilijua jinsi vilivyopatikana.

Hakunigombeza. Aliketi kwenye kigoda, akavaa mfuko mkononi, akaanza kumenya lile gamba laini lililooza la kile cha tatu, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika kwenye nyama nyeupe ngumu. Kisha akachukua kimoja kati ya vile viwili vilivyokufa, ambacho upande mmoja ulikuwa bado haujaharibika, akakipasua katikati kuanzia shingoni hadi kitakoni. "Sogea uone," akasema. Ndani kabisa, kati ya tabaka za magamba, palikuwa na kitu cha rangi ya maziwa, kidogo kama punje ya mchele. Akakifungua kwa ncha ya sindano ya kushonea. Ndani ya punje ile mlikuwa na vitone vingi vidogo sana vimesongamana, na kila kitone kilikuwa ua moja la ule mpira.

Ilikuwa bado miezi mitatu mvua inyeshe. Ua la mwezi wa kumi na moja lilikuwa tayari limeshaumbwa, liko gizani, linangoja. Ndipo nilipoelewa yale mawe, vile vijiti, na ile sauti ya siku ya kwanza. Nusu ya mwaka Bibi anatunza kitu ambacho hakuna anayekiona, yeye mwenyewe akiwemo, na kazi yake yote nusu hiyo ni kukizuilia yasiyotakiwa: maji, jembe, miguu, kuku wanaochakura. Mfereji wa maji ya kuoshea vyombo ameuzungusha kwa karibu mita sita ili usipite karibu na mparachichi. Matuta ya mchicha na Chainizi, ambayo yanahitaji maji kila siku, yako upande wa pili wa ua kwa sababu hiyo hiyo. Hata mparachichi wenyewe una kazi: mizizi yake inanyonya unyevu wa kiangazi, majani yake yanatandika ardhi, na kivuli chake baadaye kinazuia jua la mchana lisiunguze maua.

Kile kitunguu kilichopona alikikausha kivulini siku nne, juu ya ungo, kikiwa kimepakwa majivu. Nilikipanda upya. Hakikutoa ua mwaka ule wala uliofuata. Sasa kinatoa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kila kitu kinakwenda mbio. Kwanza hutokea pua, butu, imefunikwa ala yenye madoa mekundu yanayoelekea zambarau. Siku tatu baadaye bua lina urefu wa kiganja. Lile fungu la juu limefungwa kwa magamba membamba kama karatasi, nayo siku moja asubuhi yanapasuka na kukunjuka kuelekea chini, hayana kazi tena. Mpira unajaa. Nimewahi kuhesabu ua moja la Bibi, nikiwa nimelala kifudifudi na jani la nyasi kama kielekezo, nikapata maua madogo 94. Wataalamu husema yanaweza kufika 200. Kila kiua kina petali sita nyembamba kama nyuzi na stameni sita zilizonyooka nje kupita petali, na kila stameni ina kichwa cha njano. Kwa hiyo wekundu unaouona kwa mbali si wa petali pekee. Ni stameni mamia zimesimama kama nywele za burashi, na ile njano ya kwenye ncha ndiyo inayofanya mpira mzima uonekane unatoa mwanga wake wenyewe wakati wa mawingu.

Vipepeo wakubwa huja. Huko Afrika Kusini watafiti wameonyesha kwamba kwenye aina ya huko ya mmea huu chavua hubebwa kwenye mbawa za vipepeo: kipepeo akinyonya, mbawa zake zinapapasa zile burashi, kisha anakwenda kuzipapasa nyingine. Tangu nijue hilo siachi kuangalia mbawa badala ya mdomo, na nimeona vumbi la njano chini ya bawa jeusi, pale pale chini ya mparachichi.

Ua hukaa wiki moja, likibahatika siku kumi. Wageni husifu, hupiga picha, huondoka. Bibi hupokea sifa kwa adabu, lakini nimemtazama vya kutosha kujua kwamba moyo wake hauko hapo. Uko kwenye majani. Majani ndiyo yanayokuja kukilisha kitunguu: mapana, mabichi, yamesimama kama migomba midogo, yanafanya kazi miezi mitano ili kuumba ile punje ya mchele ya mwaka unaofuata. Nimeona bustani nzuri mjini ambako mtunzaji huyakata ua likishanyauka, ili pawe safi, halafu mwaka unaofuata analalamika kwamba kitunguu kimechoka. Bibi hukata bua peke yake, kama hahitaji mbegu. Jani halikati. Halifungi fundo. Hata likianza njano mwezi wa nne, likilala ovyo na kuchafua macho, analiacha mpaka likatike lenyewe likivutwa kwa vidole viwili.

Na majani yana adui. Katikati ya masika huja viwavi weusi wenye pingili za njano, wanaokula jani kwa ndani, wakishuka taratibu kuelekea shingoni, na wakifika kwenye kitunguu hakuna dawa. Bibi hawapigi sumu. Saa mbili usiku, mvua ikiwa imepumzika, hutoka na tochi na kopo lenye maji ya sabuni, hupekua jani baada ya jani, juu na chini, hasa pale jani linapokutana na jani, ambako ndiko wanakojificha. Ukiwa naye ni vizuri unyamaze. Anahesabu. Usiku mmoja wa mwezi wa pili tulitoa ishirini na mmoja, naye akarudi kukagua upya tangu mwanzo kwa kuwa, alisema, hawa huwa hawaishii kwenye idadi isiyo na mwenzake. Tulipata wa ishirini na mbili.

Mbegu ndizo zilizobaki, na hapa ndipo nilipoona ustadi wake ulivyo mrefu. Bua alilolibakiza hubeba vijitunda vya kijani ambavyo hukaa miezi mingi kabla ya kuwa vyekundu. Ndani ya kila kimoja kuna mbegu moja, mbili, nadra tatu, nyeupe zenye mng'ao kama lulu, na zina maji. Hazihifadhiki. Ukizikausha kama mbegu za nyanya umeziua. Bibi huzitoa kwenye nyama yake, huziosha mpaka utelezi wote uishe, na siku hiyo hiyo huzilaza juu ya udongo kwenye viriba. Hazifukii, huzikandamiza kidogo tu kwa kidole. Baada ya wiki kadhaa mbegu hutoa kamzizi kanene kanakoinama na kuingia chini, na huko chini, pasipoonekana, kitunguu kinaanza kabla jani halijatokea.

Alinipa mbegu kumi na moja. Zikaota nane. Mwaka wa kwanza kila kiriba kilikuwa na jani moja la urefu wa kidole. Mwaka wa pili majani mawili. Viriba viwili vilikufa kwa sababu panya walichimba. Mwaka wa tatu nilivihamishia vitunguu sita vilivyobaki ardhini, chini ya mti wangu, kwa udongo wa ndoo mbili kwa moja kwa moja, na Bibi akaja mwenyewe kwa bodaboda kukagua shingo. Kimoja alikiinua upana wa kucha moja. Vingine akaviacha.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, mwaka wa nne, mvua ilinyesha Jumanne. Jumamosi nilimpigia simu kwamba vitatu vimetoa pua. Akaja, nikampa shikamoo, akaitikia akiwa tayari anatazama chini. Akapiga magoti polepole, mkono mmoja kwenye bega langu. Pua ya jani ni kali, imesokotwa, ngumu kwenye ncha. Ya ua ni butu na imejaa. Akaishika ya kwanza. "Jani." Akaishika ya pili. "Jani hili pia, lakini nene, litakulipa mwakani."

Ya tatu aliishika muda mrefu. Akaondoa punje ya udongo kwa ukucha, akaibonyeza tena kwa upande, taratibu, akanyamaza.

"Niletee mawe," akasema.

Nilikwenda kuyachagua kando ya ukuta, madogo, yanayolingana. Niliporudi alikuwa bado amepiga magoti, kiganja kimeikinga na upepo.